Triko za Mama Marceline

Marungu, tarehe 6 Machi 1983

Mama yangu mupendwa,

Nakusalimia sana kutoka huku mulimani. Uko muzima? Muguu uliokusumbua wakati wa Noeli umepoa? Na jirani yako Mama Adrienne, bado anauza dagaa zake pale karibu na stesheni? Sisi tuko. François anafundisha, mimi napika, baridi inatupiga. Muntu wa Kalemie akisema baridi, anasema upepo wa ziwa wa asubuhi. Huku, Mama, maji ya kunawa yanauma vidole, na watoto wanaingia darasani wamejifunga mabulangeti ya kwao kama wazee.

Ndiyo maana kifurushi chako kilipokelewa kama mugeni mukubwa. Papa Pontien, dereva wa kamyo, alikishusha yeye mwenyewe. Alisema kimekaa mbele pamoja naye tangu Moba, hakuthubutu kukitupa nyuma kwenye magunia ya maharage. Triko ya sufu uliyomufumia François imemukaa kana kwamba ulimupima jana. Niliigeuza ndani nje nitafute mahali ulipounganisha mukono na kifua, nikapakosa. Henriette, bibi wa mwalimu mukubwa, alikuja kuazima chumvi, akaisahau chumvi. Aliishika ile triko akaniuliza, "Hii imetoka duka gani la Lubumbashi?" Nikamuambia, "Imetoka kwenye magoti ya mama yangu."

Halafu nikamutolea na bulangeti ya vipande uliyonipa nilipoolewa. Nikamuonyesha: hiki kitambaa ni cha robo, ile gauni yangu ya komunyo, hiki ni cha shati ya Baba, Mungu amupumzishe, alipokuwa kazini kwenye kiwanda cha nguo cha Filtisaf, na hiki chenye maua ni kitenge chako ulichovaa siku niliyozaliwa. Alikaa anageuza kipande kwa kipande mpaka mboga zangu zikaungua.

Sasa habari yenyewe. Tutapata mutoto, mwezi wa kumi ukiisha. Akiwa mwanaume ataitwa Augustin, jina la Baba. François amekubali bila kubishana. Kwenye karatasi za serikali wataandika jina la asili wanalolitaka wao, maana majina ya kizungu hawayataki, lakini nyumbani ni Augustin. Nakuomba Mama, umushonee bulangeti ndogo ya vipande, kama ulivyowashonea watoto wote wa jamaa yetu.

Na usicheke: nimeanza kufundisha bamama wa hapa kufuma. Mimi! Sindano hatuna, François ametunolea nyaya za gurudumu la baiskeli bovu. Tunakaa juani nyuma ya kanisa, tunafuma vikofia. Changu cha kwanza kimetoka kirefu kama soksi.

Mutoto wako,
Pascasie


Kalemie, tarehe 20 Aprili 1983

Pascasie mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa bwana yako. Mimi niko muzima, muguu umepoa, ninamushukuru Mungu. Hapa mvua zimeshiba, Lukuga imejaa mpaka watu wanakwenda darajani kuitazama tu. Dagaa zimekuwa nyingi, ukipita njia yoyote unakanyaga zinazoanikwa.

Usishangae maandishi haya. Ni mukono wa Mama Adrienne. Kidole changu kikubwa kimevimba, kinakataa kalamu. Yeye anaandika ninavyosema, na pale nisiposema vizuri ananirekebisha, kwa hiyo ukiona maneno ya kujivuna ni yake.

Nilipopata habari ya mimba nilicheka peke yangu kama kichaa. Kwa hiyo Augustin anarudi! Nimekaa mujane miaka yote hii, sasa nitapata tena bwana, tena kijana. Muambie ninamungoja, na asiniletee nguo za kufua.

Kwa bulangeti ya vipande, mwanangu, nisamehe. Safari hii sitashona. Vipande vinataka mukao murefu na mukasi, na siku hizi mugongo unanichokesha. Nitamufumia shali. Kufuma ninaweza hata nikitembea. Watu wameniletea uzi: Mama Adrienne amefumua triko mbili za zamani za watoto wake, masista nao wamenipa madonge yaliyobaki kwenye karakana yao. Niko na kapu lote limejaa.

Natuma na triko ingine kwa François, kwa sababu umesema baridi. Hiyo ya kwanza asiivae kila siku, itachakaa shingoni.

Hicho kikofia chako kirefu usikifumue. Kikunje mara mbili, masikio ya mutoto yatapata joto.

Mama yako,
Marceline


Marungu, tarehe 30 Mei 1983

Mama mupendwa,

Salamu, Mama, salamu tena. Kidole kimepona? Umekiweka kwenye maji ya moto yenye chumvi? Mimi ninaendelea vizuri, mutoto anacheza, hasa muchana ninapokula.

Mama, umenificha! Hukuniambia umeanza ujana mupya. Tulipofungua kifurushi tuliipeleka triko mulangoni kwenye mwanga. Mukono wa kuume ni wa manjano, wa kushoto ni wa buluu ya ziwa. Kifuani nyekundu inaanza vizuri, halafu inakatika katikati ya mustari, inakuwa kijani, halafu inarudi nyekundu kama muntu aliyesahau kitu nyumbani. Mugongoni sijui hata nisemeje. François aliivaa akazunguka nyumba. Nikasema, "Utakwenda nayo darasani?" Akasema, "Nitakwenda nayo hata kwa Askofu."

Alikwenda nayo. Watoto wa darasa la kwanza walimufuata mpaka mulangoni kwetu. Hata mukubwa wa masomo wa shule yetu, ambaye hacheki hata siku ya Pasaka, alimuuliza, "Sitoyen mwalimu, nani amekufumia hiyo?" Tulizania atakatazwa. Kumbe muzee anaitaka kwa ajili yake! Na Henriette amenishika mukono kanisani, wakati wa kupeana amani, akaninong'oneza, "Muombe mama yako anifumie kama ile, lakini rangi apange yeye, mimi nisingeweza kuziwaza."

Bamama wangu wa nyuma ya kanisa wanaichunguza kila siku. Wanasema vitanzi vyako vimelingana kama meno ya mutoto. Mumoja alijaribu kuiga zile rangi, akakasirika, akafumua. Anasema akifikiri anakosea, na asipofikiri anakosea zaidi.

Jambo moja linanizunguka kichwani. Ni kidole gani, Mama, kinachokataa kalamu na kukubali sindano? Na mbona hukushona vipande? Wewe ulikuwa unashona vipande hata ukiwa na malaria.

Mwezi wa saba François atashuka Kalemie kuchukua vitabu vya masomo. Atakuja kukusalimia, atalala kwako.

Mutoto wako anayejivuna kwa ajili yako,
Pascasie


Kalemie, tarehe 25 Juni 1983

Mwanangu,

Salamu. Niko muzima. Upepo wa kiangazi umeanza, ziwa limechafuka, maboti yanachelewa.

Nimefurahi triko imependwa. Rangi ni rangi tu, nilitumia uzi uliokuwako. Henriette nitamufumia, anipe nafasi.

Muambie François asijisumbue kuja huku kwangu. Nyumba ni ndogo, na mimi nazania mwezi wa saba nitakwenda Kabimba kuwasalimia watu wa kwetu, sijui siku gani. Aache salamu kwa Mama Adrienne, inatosha. Vitu vya mutoto nitavituma na kamyo.

Kidole ni kile kile.

Mama yako,
Marceline


Marungu, tarehe 2 Agosti 1983

Mama,

Nakusalimia. Sitakuuliza leo kama uko muzima, maana kila mara nikiuliza unanijibu vile unavyotaka.

François amerudi. Ameleta vitabu, sukari, na shali ya mutoto. Aliiweka shali kitandani. Alinawa, akala, ndipo akasema, "Pascasie, kaa chini."

Anasema alifika kwako hata hivyo, asubuhi, kuna upepo, amevaa triko yako ya rangi ili akufurahishe. Hakupiga hodi mara moja. Alisimama hapo lupangoni, uani kwako, anakutazama. Umekaa kwenye kiti cha Baba, unafuma, kichwa umekiinua kama muntu anayesikiliza redio. Vidole vinakimbia, lakini macho hayakushuka kwenye kazi hata mara moja. Donge la uzi likaanguka, likabingirika mpaka kwenye kiatu chake. Ukainama ukapapasa. Ukapapasa mahali pasipo na kitu. Yeye akaliokota, akakutia mukononi. Ukasema, "Asante, Adrienne."

Wewe ukamushika kiganja, ukapanda mpaka kwenye mukono wa triko, ukaugeuza pindo, ukaupima kwa kidole gumba.

"Hii ni kazi yangu," ukasema. "François?"

"Ni mimi, Mama."

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo."

"Basi umeniona."

"Nimekuona, Mama."

Ukamuambia, "Kwanza ule."

Anasema ulimupikia samaki na bugali wewe mwenyewe, kila kitu unakijua mahali pake, maji hukumwaga hata tone. Kama angefika usiku, kama donge lisingeanguka, angerudi huku akaniambia Mama ni muzima kabisa. Alinisimulia yote akijipangusa uso na mukono wa ile triko, ule wa manjano.

Mama, tangu lini? Mimi nimekuwa nikisifu rangi mbele ya watu wote, na wewe ulikuwa huzioni! Nimelia mpaka Henriette akaja. Halafu nikaitandika shali juu ya meza, nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hakuna kitanzi kilichoanguka. Nimetafuta na taa. Hakuna.

François aliuliza hospitalini kwenu. Wanasema munganga wa macho anapita Kalemie mwisho wa mwaka, anatoa ile ngozi nyeupe inayofunika jicho. Nakuomba uende akupime. Mimi na tumbo hili siwezi kushuka, kamyo itaniangusha njiani. Nijibu ukweli.

Pascasie


Kalemie, tarehe 19 Agosti 1983

Mwanangu Pascasie,

Nakusalimia na ninamusalimia François. Nilimuomba asikuambie mpaka uzae. Naona hakuweza, na simulaumu. Muntu anayemuficha bibi yake jambo kama hilo, ningemuogopa.

Unataka ukweli, basi kaa. Ilianza kama moshi, mwaka juzi. Nilizania ni moshi wa jikoni, nikamugombeza Mama Adrienne kwa kuni zake mbichi. (Yeye hapa anasema bado sijamuomba musamaha. Nimemuambia aandike.) Halafu nikashindwa kutia uzi kwenye tundu la sindano. Nikashindwa kuona alama ya mukasi. Siku nilipokata kipande cha shati ya baba yako vibaya, nikapoteza nusu yake, nilifunga kapu la vipande nikalisukuma chini ya kitanda. Ndiyo maana hukupata bulangeti. Jicho la kushoto sasa ni giza, la kuume linaona kivuli cha muntu akisimama mulangoni.

Lakini kufuma hakukuniacha. Vidole vinajua. Nikikosea kitanzi nakisikia kama jiwe dogo ndani ya wali. Mama Adrienne alitaka kunipangia madonge, nyekundu hapa, buluu hapa. Nilikataa mpaka tukanuniana. Nilimuambia, siku nitakayopangiwa rangi na muntu mwingine, hiyo siyo kazi yangu tena. Niliposikia watu wa Marungu wanazipenda, kusema kweli nilifurahi sana, na nikaona haya pia.

Kwa nini nilikuficha? Kwa sababu ninakujua. Ungeacha nyumba yako, ungeshuka na mimba yako, ungekaa hapa kunishika mukono kunipeleka choo. Choo ninakijua. Na ungeninyang'anya sindano, ungesema pumzika, Mama. Mimi nikikaa bila kazi mikononi ndipo nakuwa kipofu kweli.

Kuhusu munganga, hapana. Kuna mama mumoja wa Kabimba, sijui alipasuliwa wapi na nani, alirudi na kitambaa usoni, na kile kivuli alichokuwa nacho kikaondoka. Mimi kivuli changu ninakipenda. Ninamuona Mama Adrienne akija, mufupi na munene, ninajua dagaa zimefika. (Ameandika hivyo nilivyosema, lakini amekasirika.)

Usinisukume. Zaa salama.

Mama yako,
Marceline


Marungu, tarehe 24 Septemba 1983

Mama yangu,

Salamu kutoka kwetu watatu.

Ndiyo, watatu. Augustin hakungoja mwezi wa kumi. Alifika mwezi huu tarehe kumi na moja, siku ya Bwana, watu wako kwenye misa. Alikuwa mudogo sana, Mama. Mama muzalishi alimubeba kwa mukono mumoja. Hakulia. Siku hiyo mvua ya kwanza ilikuwa imepiga na upepo unaingia chini ya mulango, na huku hakuna ile mashine ya joto ya hospitali kubwa. Moba ni mbali, barabara ilikuwa matope matupu. Niliona wanawake wanatazamana, nikajua wanachofikiri.

Mama muzalishi akasema, "Kuna kitu cha sufu katika nyumba hii?" Henriette akaleta shali yako. Walimulaza mutoto kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, wakamuvika kile kikofia changu kirefu, nilikikunja mara mbili kama ulivyosema, wakatuzungushia shali sisi wawili mpaka shingoni. Ilinizunguka mimi muzima na bado ikabaki ya kukunja. Nikajiuliza, Mama alijuaje kuifuma kubwa hivi? Baadaye François akaniambia kwamba mwezi wa saba, kabla hujaimalizia, ulimupima yeye badala yangu kwa mikono yako, mabega yake na kifua, ukasema, "Wataivaa wawili."

Tulikaa hivyo. Nilikuwa ninasikia moyo wake kama kifaranga. Bamama wangu wa nyuma ya kanisa walikuja kila mumoja na kitu alichofuma. Vikofia vilivyopinda, soksi zisizofanana, na yule aliyeshindwa na rangi akaleta triko ndogo nyeupe tupu. Walikuwa wanapokezana: mumoja anakoka moto, mwingine ananipa uji, mwingine anakausha shali ya pili aliyoifuma Henriette. Jumatatu muchana Augustin akafungua kinywa, akalia. François alikuwa uani. Alidondosha ndoo.

Sasa ananyonya. Bado ni mudogo, lakini ana hasira, na mama muzalishi anasema hasira ni dawa. Wanawake wanakuja kutoka vijiji vya mbali kuishika shali tu. Wanaipitisha vidoleni kitanzi kwa kitanzi. Mumoja aliuliza aliyeifuma ana sindano za namna gani. Nikasema ana za kawaida. Nikamuambia pia kwamba haoni. Hakuniamini, akaniomba niape.

Kwa macho yako, Mama, sitakusukuma. Nilikuwa nimeandika barua ndefu ya kukulazimisha, nimeichoma. Mikono yako imemushika mutoto wangu hata kabla yangu. Ukitaka kubaki hivyo ulivyo, baki. Kiangazi kijacho nitashuka naye, nitakuwekea magotini, utamupapasa mpaka umujue. Na sindano zako hakuna atakayezigusa.

Lakini kama ni woga tu, Mama, kumbuka kwamba mimi pia niliogopa, na nilikuwa na watu pande zote. Mama Adrienne atakushika.

Binti yako,
Pascasie


Marungu, tarehe 15 Desemba 1983

Mama mupendwa,

Nakusalimia. Nimeandika mara mbili, hakuna jibu. Papa Pontien ameteremka Moba na kurudi na kuteremka tena. Kila mara ninasikia injini yake ninatoka na mutoto mugongoni, kila mara ananipungia mukono mutupu kutoka mbali ili nisijichoshe kukimbia.

Wanasema boti moja iliharibika injini, ikalala Zongwe. Labda barua iko huko. Mimi ninajiambia hivyo.

Kama kuna jambo, Mama Adrienne, wewe unayesoma, nakuomba uniandikie wewe. Hata mustari mumoja. Hata kama ni mubaya.

Augustin ni munene. Noeli njema.

Pascasie


Kalemie, tarehe 8 Januari 1984

Mwanangu Pascasie,

Nakusalimia mimi mwenyewe kwa mukono wangu. Tazama maandishi yalivyo makubwa, kama ya mutoto wa darasa la kwanza, na mistari inapanda mulima. Mama Adrienne amekaa pembeni, hana kazi, anasema nimemufukuza kazini.

Nisamehe kwa kimya. Barua yako ya kuzaliwa kwa Augustin ilinifikia mwezi wa kumi. Nilimuomba Adrienne aisome tena na tena, mpaka akaijua bila karatasi. Pale uliposema hutanisukuma, nilikasirika. Muntu akikusukuma unajua namna ya kukataa. Asipokusukuma unabaki peke yako na jambo lako. Nilikaa nalo siku nyingi. Sikutaka kukuandikia kabla sijajua mwisho wake. Kama ingekuwa kama ya yule mama wa Kabimba, ningekuambia baadaye, polepole.

Munganga alifika mwezi wa kumi na moja ukiisha. Kulikuwa na watu wengi, wengine wametoka Nyunzu na Kabalo na gari-moshi. Nilikwenda na Adrienne na kapu langu la kufumia. Munganga aliponiona nafuma kwenye mustari wa kungoja, alisimama. Akaniuliza, "Mama, wewe umekuja kusindikiza muntu?" Adrienne akamuambia, "Ni yeye mugonjwa." Akapitisha mukono mbele ya uso wangu, sikushituka. Akakaa kwenye benchi kando yangu, akatazama mpaka nikamaliza mustari. Ndipo akasema, "Tuanze na huyu."

Amepasua jicho la kuume tu. Sikusikia maumivu, nilisikia maji na sauti yake. La kushoto anasema limechelewa. Nilikaa na kitambaa, sikufuma, sikusema. Adrienne anasema hajawahi kuona nimenyamaza hivyo. Walipokifungua, munganga akainua vidole, "Mama, ni vingapi?" Nikamuambia, "Vitatu, na kucha zako zinataka kukatwa." Watu wa chumba kizima walicheka.

Halafu nikageuka nikamuona Adrienne. Amezeeka, mwanangu! Nywele zote nyeupe! Nikamuambia, "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Ulikuwa huoni, nikaona nipumzike." Tukashikana tukalia kama wajinga, na munganga akatugombeza, maana jicho halitaki machozi.

Amenipa malunete ya kuonea, vioo vyake vizito kama chini ya chupa. Nikiyavaa, watoto wa jirani wanakimbia.

Nilipofika nyumbani nilitoa triko niliyokuwa ninamufumia Henriette, ilibaki mukono mumoja. Niliitandika kitandani nikaitazama. Pascasie, nilikaa chini. Ni kichaa gani ameweka zambarau juu ya rangi ya machungwa? Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Halafu nikaitazama tena, na nikaanza kuona wanachokiona watu. Ni nzuri. Mimi na macho yangu nisingethubutu. Nilijaribu kufuma mukono uliobaki nikichagua rangi kwa kuona, nikachagua vizuri, kwa adabu, ukatoka kama mukono wa triko ya muntu mwingine. Nikaufumua. Tena vidole vilikuwa vinakosea, kwa sababu jicho linavichunga, navyo vimezoea kufanya kazi bila mulinzi. Basi nimekubaliana navyo. Nikifuma natazama ziwa. Nikitaka kushona, jicho linafanya kazi yake. Kapu la vipande nimelitoa chini ya kitanda, panya wamekula kidogo tu.

Kile kivuli cha mulangoni nilichokipenda kimeondoka, sasa mulangoni kuna watu. Mumoja ni yule kijana wa posta. Nilikuwa ninamuitikia kama muzee kwa sauti yake, kumbe hana hata ndevu.

Sasa sikiliza. Munganga amenikataza kuinama na kubeba muzigo mpaka mwezi wa tatu. Mwezi huo ukifika, tutapanda boti ya Moba, mimi na Adrienne. Yeye hajafika Marungu, anasema baridi itamuua, kwa hiyo ninamufumia triko, na amechagua rangi zake mwenyewe, kahawia na kahawia. Muambie Papa Pontien atuwekee nafasi mbele. Bamama wako wa nyuma ya kanisa wasifiche vikofia vyao vilivyopinda, ninataka kuviona vyote, na yule wa triko nyeupe nitamushukuru mimi mwenyewe.

Utanijibu kabla sijasafiri, ninajua. Niandikie kila kitu: kama ananyonya, kama analala, kama bado ana hasira, kama François anamubeba au anaogopa. Lakini jambo moja nakukataza. Usiniandikie huyu bwana yangu mudogo anafanana na nani. Mustari kama huo ukiukuta kwenye kalamu, uuache huko. Hilo nitalitazama mimi.

Mama yako,
Marceline